Kazi Ina Mwenyewe: Kuomba Moja kwa Moja au Kupitia Wakala?

Somo kwa wanaotafuta kazi, wazazi na vikundi vya vijana

Kila nafasi za kazi zinapotangazwa, maneno mawili huzunguka Griftu, Hadado na Arbajahan. La kwanza husema, "Peleka maombi, kazi ni ya kila mwananchi." La pili husema, "Bila mtu wa kukushika mkono, karatasi zako zitaishia kabatini." Kijana aliyemaliza masomo husimama kati ya maneno hayo mawili. Mara nyingi familia nzima husimama naye, kwa sababu uamuzi atakaoufanya unaweza kugharimu mbuzi, ngamia au akiba ya miaka mingi.

Somo hili linalinganisha njia mbili za kutafuta kazi: kumwendea mwajiri moja kwa moja, na kupitia mtu wa kati. Jambo la kushika ni moja. Kabla ya kuuliza ni nani anayeweza kusaidia, mtafuta kazi aulize kazi yenyewe ni ya nani. Mwajiri akiwa anafikika, mwombaji amwendee mwenyewe. Mwajiri akiwa nchi nyingine, asikoweza kufikiwa kwa urahisi, hapo wakala ana nafasi yake, lakini awe amesajiliwa na mkataba uonekane kabla ya safari.

Watu wa kati si wote sawa

Mfugaji wa Wajir Magharibi anamjua dalali. Sokoni, dalali husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, hupatanisha bei na kupata haki yake. Biashara hiyo inaeleweka kwa sababu mnyama yupo. Mnunuzi humshika, humfungua kinywa akamtazama meno, na muuzaji yuko papo hapo kuulizwa. Anayeuza nafasi ya kazi hana mnyama wa kuonyesha. Anachouza ni ahadi juu ya kitu kilicho mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo inafaa kutofautisha watu watatu ambao wote huitwa "msaada" wakati wa kutafuta kazi.

Wa kwanza ni msaidizi. Huyu ni mhudumu wa saiba, mwalimu au jirani anayechapa barua, kupiga nakala za vyeti na kutuma maombi kwenye mtandao. Analipwa kwa kazi iliyoonekana, na hakuna ubaya. Tahadhari ni moja tu: maombi yatumwe kwa namba ya simu na barua pepe ya mwombaji mwenyewe, na neno la siri alijue yeye. Wapo waliokosa mahojiano kwa sababu mwito ulifika kwenye simu ya mtu mwingine.

Wa pili ni wakala wa ajira. Hii ni kampuni inayotafutia waajiri wafanyakazi. Nchini Kenya wakala wa namna hii anatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007. Chombo kinachoratibu shughuli hizo ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wakala halali ana ofisi, ana cheti chenye tarehe ya mwisho, na hutoa risiti.

Wa tatu ni anayejidai kujuana na wakubwa. Hana ofisi wala risiti. Husema anamfahamu mtu kwenye bodi, au kwamba nafasi imebaki moja na inahitaji "chai" kabla ya Ijumaa. Huyu si wakala. Ikiwa kweli anamjua mtu, anachouza ni hongo. Ikiwa hamjui, anachouza ni uongo. Katika hali zote mbili mnunuzi hapati kitu anachoweza kukidai mbele ya mtu yeyote.

Kazi za kaunti

Mwenye kazi za serikali ya kaunti anajulikana: ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaieleza kazi yake, na vifungu vinne vinamhusu sana mwombaji.

Kifungu cha 66 kinaitaka bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamekuwa wakiachwa nyuma. Mkazi wa kijiji cha mbali si mgeni katika shughuli hii. Sheria imemtaja kwa hali yake.

Kifungu cha 67 kinasema uteuzi wowote katika utumishi wa kaunti lazima uwe kwa maandishi. Maana yake ni kwamba "umeshaingizwa, barua itakuja baadaye" si ajira. Kuripoti kazini kwa neno la mdomo na kusubiri mshahara ni kujiweka mahali ambapo sheria haimtambui mfanyakazi.

Kifungu cha 68 kinaitaka bodi itunze kumbukumbu za maombi yote yaliyopokelewa. Hii ndiyo faida kubwa ya kuomba moja kwa moja: jina la mwombaji huingia katika kumbukumbu hizo. Aliyempa mtu wa kati karatasi zake zikae kwenye bahasha hana uhakika kama zilifika popote.

Kifungu cha 77 kinampa aliyetoridhika na uamuzi wa bodi haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Nairobi. Uamuzi unaweza kuhusu kuajiriwa, kuteuliwa au sifa zilizodaiwa. Rufaa huandikwa, na hupelekwa ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Zaidi ya hayo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuiandikia ofisi ya umma akiomba taarifa, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Haki hizi zinamfaa mwenye maombi yaliyopokelewa rasmi. Aliyepita mlango wa nyuma hawezi kukata rufaa kwamba hongo yake haikufanya kazi.

Mtafuta kazi asisahau pia kaunti nyingine. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 65, inazitaka bodi za kaunti zihakikishe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zinakwenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti husika. Muuguzi, fundi wa maji au afisa wa mifugo kutoka Griftu anaweza kuomba Isiolo, Meru au Machakos, na asili yake ikawa sababu ya kufikiriwa. Mtu wa kati wa Griftu hana la kumfanyia huko. Maombi yaliyoandikwa vizuri yanalo.

Walimu, tume na majeshi

Kazi nyingi nyingine ambazo wakazi huzitamani ni za serikali ya kitaifa, na kila moja ina mwenyewe. Walimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mwalimu lazima kwanza asajiliwe na tume hiyo, kisha aombe nafasi inapotangazwa. Watumishi wa wizara huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Maombi kwa tume hizi hutumwa kwenye mtandao, na hakuna ada ya kununua nafasi. Gharama za mwombaji ni saiba, nakala na nauli.

Majeshi na polisi huandikisha vijana hadharani, katika viwanja vilivyotangazwa. Kijana huenda na kitambulisho na vyeti halisi, hupimwa mwili, hukimbizwa na kukaguliwa. Uandikishaji haulipiwi. Hata hivyo, ni hapa ambapo familia nyingi za Kenya zimepoteza pesa. Mara kadhaa vijana wamefika kwenye kituo cha mafunzo ya makurutu cha jeshi, Eldoret, wakiwa na barua za mwito walizouziwa, na badala ya kuvaa sare wakakamatwa kwa kuwa na barua bandia. Wazazi walikuwa wameuza mifugo au ardhi. Aliyeuza barua hakuwa kwenye foleni hiyo ya Eldoret.

Mashirika ya misaada

Kaskazini Mashariki ina mashirika mengi, kuanzia miradi ya maji na lishe hadi huduma kwa wakimbizi katika kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Hapa mambo huwa na sura mbili. Shirika linaweza kutangaza nafasi lenyewe, au likaipa kampuni ya ajira kazi ya kupokea maombi na kuchuja. Mwombaji asishtuke akiona jina la kampuni kwenye tangazo, ila akumbuke nani anamlipa nani. Katika mpango halali wa namna hii, shirika ndilo linaloilipa kampuni. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe ni maombi, mahojiano au mafunzo. Ujumbe unaodai pesa za "usajili" kwa jina la shirika la Umoja wa Mataifa ni wa ulaghai, hata ukiwa na nembo na muhuri.

Wakala ana nafasi gani?

Safari ya kikazi kwenda Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu ni jambo jingine. Mwajiri yuko mbali, lugha ya mkataba inaweza kuwa ngeni, na viza hutolewa kwa utaratibu ambao mtu mmoja wa Griftu hawezi kuufuata kwa simu. Hapa wakala anafanya kazi ya kweli. Pia hapa ndipo makosa huumiza zaidi.

Mwaka 2014, baada ya malalamiko mengi ya mateso, serikali ya Kenya ilifuta leseni za mamia ya mawakala na kusimamisha upelekaji wa wafanyakazi Mashariki ya Kati. Katazo liliondolewa mwaka 2017, na mawakala wakatakiwa kukaguliwa upya. Funzo la miaka hiyo ni kwamba wakala asiyesajiliwa akishampeleka mtu, ni vigumu kwa serikali kumfuatilia, na mfanyakazi hana pa kushika.

Chini ya mfumo wa kafala, ukaaji wa mfanyakazi wa nje hufungamana na mwajiri wake. Saudia ilipolegeza masharti hayo Machi 2021 na kuwaruhusu wafanyakazi wengi kubadilisha mwajiri, wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa. Kwa hiyo msichana anayekwenda kufanya kazi za nyumbani anahitaji kujua zaidi kuliko mtu mwingine yeyote ni nani hasa anayemwajiri, kwa mshahara gani na kwa muda gani, kabla hajapanda ndege.

Sheria ya Ajira ya 2007 imeweka kinga muhimu kwa safari hizi. Mkataba wa kazi ya nje ya nchi lazima uwe katika fomu iliyowekwa, utiwe saini na pande zote, kisha ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali. Afisa huyo haruhusiwi kuushuhudia mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, bila kudanganywa wala kushinikizwa, na kwamba afya yake inaruhusu kazi hiyo. Wakala anayesema "mkataba utausaini ukifika" anamtaka msafiri aruke kinga hiyo.

Mwenye kufikiria njia hii aulize maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Jina na tarehe ya mwisho ya cheti vilinganishwe na orodha ya Mamlaka yenyewe, si na karatasi iliyo ukutani mwa wakala.

2. Mwajiri ni nani, yuko mji gani, na kazi ni ipi hasa?

3. Mshahara ni kiasi gani kwa mwezi, saa za kazi ni ngapi, siku ya mapumziko ni ipi, na nauli ya kurudi ni juu ya nani?

4. Viza ni ya kazi au ya matembezi? Anayesafiri kufanya kazi kwa viza ya matembezi huwa amevunja sheria ya nchi anayokwenda tangu siku ya kwanza.

5. Kila malipo ni ya nini, na risiti iko wapi?

Swali la sita ni la familia: baada ya msafiri kufika, nani atapigiwa simu mambo yakienda vibaya? Nakala za pasipoti, viza na mkataba zibaki nyumbani, pamoja na namba ya ubalozi wa Kenya katika nchi hiyo.

Tahadhari haiishii Ghuba. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ilionya kuhusu Wakenya walioahidiwa kazi Thailand kisha wakajikuta Myanmar, wakilazimishwa kufanya ulaghai wa mtandaoni. Wapo pia vijana wa kaskazini wanaoshawishiwa kwa njia ya tahriib, wakiambiwa "nenda sasa, utalipa ukifika." Deni hilo hudaiwa njiani, mara nyingi Libya, kwa simu inayopigwa kwa mama yake. Safari isiyo na malipo ya mwanzo inaweza kuwa ghali kuliko zote. Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inamhukumu anayewasafirisha watu kwa hila ili wanyonywe kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Kwa nini watu bado humwendea mtu wa kati?

Si kwa ujinga. Sababu ya kwanza ni kwamba tangazo huwafikia wengine likiwa limebakiza siku mbili, au limepita. Ya pili ni kwamba wengi wameshaomba mara nyingi bila kupata jibu, wakaamini hakuna anayesoma barua zao. Ya tatu ni qaraan. Ukoo ukishachanga pesa kwa ajili ya kijana, ni vigumu yeye kusema hataki kuzitumia.

Sababu hizi zina dawa isiyohitaji kumlipa mtu wa kati. Vijana watano wa kituo kimoja wanaweza kupeana zamu: kila wiki mmoja wao hupitia tovuti ya kaunti, ya TSC na ya Tume ya Utumishi wa Umma, huuliza kwa chifu na kwenye ofisi ya kaunti ndogo, kisha huwatumia wenzake picha ya tangazo. Kila mmoja aweke tayari nakala za kitambulisho, vyeti na wasifukazi, karatasini na kwenye barua pepe yake, ili siku mbili zitoshe.

Kuhusu kukosa jibu, mara nyingi kosa huwa dogo. Barua haikutaja namba ya nafasi. Cheti kilichodaiwa hakikuambatishwa. Mtu aliomba nafasi inayotaka uzoefu wa miaka mitatu akiwa na mmoja. Mwombaji asome tangazo mara mbili, kisha ampe mtu mwingine alisome na kulilinganisha na barua yake.

Iko pia gharama moja ambayo waombaji wengi huingia mapema mno. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanasema mwajiri anaweza kumtaka mtu vyeti vya uthibitisho, kama vile cheti cha tabia njema cha polisi au cha ulipaji kodi, pale tu anapokusudia kumwajiri. Kijana asikope ili kukusanya vyeti hivyo vyote kabla hajapewa nafasi.

Na pesa za qaraan? Familia inaweza kuamua mapema kwamba mchango hautanunua kazi, bali utalipia kitu kinachobaki na kijana hata akikosa nafasi hiyo: kozi ya kompyuta, leseni ya udereva, ada ya mwisho ya chuo au nauli ya kwenda kwenye mahojiano.

Pesa zikiwa zimeshatolewa

Wengi hukaa kimya kwa aibu, au kwa kuwa aliyechukua pesa ni ndugu. Ukimya huo humpa nafasi ya kumwendea jirani. Aliyetapeliwa ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, namba za simu, mazungumzo ya WhatsApp na barua aliyopewa. Kisha apige ripoti kituo cha polisi na kuchukua namba ya kitabu cha matukio. Kujipatia pesa kwa uongo ni kosa la jinai. Wazee wanaweza kupatanisha ili pesa zirudi, lakini upatanisho usichukue nafasi ya ripoti.

Afisa wa umma akidai pesa ili atoe kazi, taarifa ipelekwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, kwa simu ya bure 1551. Ni vizuri taarifa itolewe kabla ya kulipa. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa hongo na anayepokea wote wana hatia, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni tano, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inawalinda wanaofichua.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Taja kazi tatu ambazo vijana wa kituo chenu wanazitafuta. Mwenye kila moja ni nani, na anafikiwaje?

2. Tangazo la kazi hufika kwenu kwa njia gani, na huchukua siku ngapi? Nani anaweza kulileta mapema?

3. Mtu amesema anaweza kukuingizia kijana wako kazini kwa pesa. Ni maswali gani mawili ambayo angeshindwa kuyajibu?

4. Binti anataka kwenda Saudia kupitia wakala. Familia ione karatasi zipi kabla ya kumruhusu aende?

5. Ukoo umechanga pesa kwa ajili ya kijana aliyemaliza chuo. Zitumikeje ili asipopata kazi mwaka huu, awe na nafasi nzuri zaidi mwaka ujao?